Rangi Haina Sauti

Mireille alifanya kazi katika ofisi ya misaada mjini Kamina. Kila asubuhi aliwapikia watoto uji, akajifunga kitambaa kichwani, akashika njia. Mwaka ule, 1998, vita vilikuwa vimeanza tena. Watu walifika kwa miguu kutoka Malemba-Nkulu, na vichwani mwao hamna kitu ila sufuria na nguo. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza, na ofisi iliwagawia wageni hao mbegu za mahindi na majembe.

Mireille ndiye aliyepanga zamu katika kompyuta. Alitengeneza jedwali zuri, akalibandika ukutani nje. Kisha mkubwa wake akamwambia kwamba baadhi ya familia zisingoje Ijumaa, zije Jumatano. Mireille alikuwa na haraka. Hakuandika upya. Alichukua kalamu nyekundu, akayapaka rangi majina ya familia hizo, akawaambia waliokuwa pale kwamba nyekundu ni Jumatano. Wote wataona, alijiambia.

Ijumaa jioni, mbegu zikiwa zimekwisha, mwanamke mmoja alisogea mezani. Jina lake Salomé. Nyuma yake alikuja mumewe mzee, Lazare, mkono begani pa mkewe.

"Tulikuja kukamata mbegu yetu, mama. Jina ni Lazare," Lazare alisema.

Mireille alikuwa amechoka. Hakuinua hata kichwa. Alitafuta jina katika karatasi yake.

"Siku yenu ilikuwa Jumatano. Nilitia rangi nyekundu kabisa pale ukutani. Weye hauna macho?"

Watu waliokuwa wakingoja majembe waligeuka kutazama. Mireille akainua uso. Macho ya yule mzee yalikuwa meupe, hayatazami popote.

"Njo vile, mama," Lazare alikubali polepole. "Minyi sina macho. Na bibi yangu hakusoma masomo. Tuliomba muntu mumoja atusomee. Alisoma: Lazare, Ijumaa. Hakusema kitu ya rangi."

Mireille alitamani ardhi ipasuke immeze. Salomé alimgeuza mumewe taratibu, wakaondoka mikono mitupu mbele ya watu wote.

Usiku ule Mireille alisukuma sahani yake kando. Mumewe, Mwamba, alimuuliza ana nini. Alichukua karatasi ya jedwali, akatoka. Alikwenda kwa jirani yao, Denise, aliyekuwa amefundisha watoto vipofu Lubumbashi kabla ya vita. Akamweleza yote, uso kauficha katika kitenge.

"Nipe ile karatasi," Denise alisema. "Sasa nipe mugongo. Usiangalie. Sikia tu."

Denise akaanza kusoma, neno kwa neno, kisanduku kwa kisanduku.

"Sobongo. Lazare. Ijumaa. X. Tupu. Tupu. Urbain. Ijumaa. Tupu. X."

"Ngoja," Mireille alisema. "X ni ya jembe ao ya mbegu? Na huyu Urbain anakaa wapi?"

"Unaniuliza minyi? Njo weye uliandika."

Jedwali lilikuwa la Mireille mwenyewe, na hakulielewa.

"Muntu mwenye kuona anaangalia juu, anaangalia pembeni, anajua," Denise alieleza. "Mwenye kusikia anapata kitu moja moja. Ulaya kuna mashine zenye kusomea vipofu maneno ya kompyuta. Nazo zinasoma vile vile. Rangi haina sauti, Mireille. Kile unataka kipofu ajue, andika na maneno."

Wakakaa pamoja. Juu kabisa waliandika karatasi inahusu nini. Kila safu ikapata jina lake. Badala ya rangi wakaandika "Jumatano". Jina la mtaa, kama Sobongo, ambalo Mireille alikuwa ameliandika mara moja tu na kuacha nafasi chini yake, likarudiwa kwa kila familia. Penye X wakaandika "atapata", na penye nafasi tupu "hatapata". Denise alimwonya pia asiunganishe visanduku viwili kuwa kimoja, maana msomaji hupotea hapo. Mwishoni Mireille akasomewa tena akiwa amegeuka. Safari hii hakuuliza kitu.

Asubuhi alimwambia mkubwa wake kosa lilikuwa la nani. Kisha akatafuta pale Lazare na Salomé walipopanga, akapiga magoti mlangoni. Majirani walitoka kutazama. Aliona aibu, lakini alimwita mzee baba, wala hakushusha sauti.

"Tata, nilikutukana mbele ya bantu. Na kosa ilikuwa yangu minyi. Unisamehe."

Lazare alinyosha mkono, akamgusa bega. "Mahindi ilishatupita," alisema. "Lakini umekuja. Simama, mutoto."

Kweli mahindi yaliwapita. Kila mara Mireille alipoona shamba la mtu limechipua, moyo ulimchoma. Lakini mwezi wa pili maharage yalifika kwa treni, na jedwali jipya likabandikwa ukutani. Jirani mmoja alimsomea Lazare: "Mtaa: Sobongo. Familia: Lazare. Siku: Jumanne. Maharage: atapata. Jembe: atapata."

Jumanne, ofisi ilipofunguliwa, Lazare na Salomé walikuwa wamekwisha kufika. Salomé aliweka mfuko wa mbegu kichwani, Lazare akabeba jembe.

"Ni weye uliandika?" Lazare aliuliza. "Safari hii nilisikia yote, mama."

Mireille aliinamisha macho kwa aibu na shukrani. Kisha akakumbuka kwamba mzee haoni. Akainua kichwa, akasema kwa sauti:

"Aksanti, tata."