Kilio cha Chumba cha Vanishi

Vanishi ilikataa kukauka. Nili aliigusa kwa ncha ya kidole, ikanata kama asali. Ubao ule wa mchoro ulipakwa wiki ya msiba wa baba yake, na vanishi ya marehemu, ya utomvu wa sandarusi, haikuwahi kuchukua zaidi ya siku mbili kukauka.

"Labda mafuta yameharibika," mumewe alisema.

"Mafuta ni yale yale ya mbegu za kitani. Nimeyakamua mwenyewe."

Nili halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na baba yake utotoni, maana vidole vyake vilikuwa vya buluu kila siku kwa kuchezea pipa la nili. Baba huyo, ambaye wote katika karakana ya nyumbani kwao walimwita Mzee, aliwatengenezea wachoraji rangi na vanishi kwa mimea tu: majani, mizizi, utomvu, mafuta ya mbegu. Dawa za viwandani hakutaka hata kuzinusa.

Miezi yake ya mwisho akili ilimtoka. Akimwona binti yake alisema kwa adabu, "Karibu mama, unatafuta rangi gani?" Lakini akiingia peke yake chumba cha vanishi, alisikika akizungumza vizuri kabisa, akicheka, akimwelekeza mtu namna ya kusaga. Nili alikuwa akisimama nje ya mlango ule, roho inamuuma, akijisemea kwamba ni ugonjwa.

Sasa Mzee yuko kaburini, na chumbani kunasikika jiwe likisaga.

"Panya," mumewe alinong'ona.

"Panya gani anajua kuzungusha mchi?"

Ilikuwa mchana kweupe. Nili akasukuma mlango. Mchi wa kioo ulikuwa ukizunguka wenyewe juu ya jiwe, polepole, vile vile alivyouzungusha Mzee, na unga wa manjano ukilainika ndani ya mafuta, na chumba kikinuka utomvu ulioungua pamoja na kitu kama nywele zilizoshika moto, kisha kigoda kikalia kama kinavyolia mtu anapoinuka, na kitu kikamjia, hakionekani, kikasimama karibu hata baridi yake ikamgusa mashavu, kikamnusa kiganja cha kulia, kikamnusa cha kushoto, halafu kikaanza kulia, kilio chembamba kisicho na pumzi, kama cha mtoto aliyesahaulika sokoni.

Nili alitoka mbio.

Kesho yake mumewe alikwenda kukifunga chumba kwa kufuli. Mlango ulikuwa umetoka jasho la vanishi. Kiganja chake kikanasa, na alipojivuta, ngozi ilibaki mlangoni.

"Leo namleta mganga," alisema, mkono umefungwa kitambaa. "La sivyo tunahama."

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, ana mafua. Aliomba maji na kiti, kwa kuwa mgongo ulikuwa unamuuma. Akafukiza ubani ndani ya chumba cha vanishi, akamwinamia Nili. "Ongea na jini hili ukitaka. Lakini likikuita jina, usiitike. Ukiitika, halitoki tena, na mumeo ataumia zaidi ya mkono."

Kisha akauliza kwa sauti, "Wewe ni nani, na unataka nini?"

Nyuma ya rafu kukajibu sauti nyembamba. "Bwana wa rangi yuko wapi? Namsagia kila siku, haji. Vanishi nimeizuia isikauke. Alisema ikikauka kazi imekwisha, anakwenda zake."

Msiba ulipotokea, Nili aliwapigia simu shangazi, majirani, wateja. Huyu hakuna aliyemwambia.

"Amefariki," alisema.

"Atarudi lini?"

"Hatarudi."

Chupa zote zikatetemeka rafuni.

"Tulikuwa tunamngoja mtoto wake," jini likasema. "Mwenye vidole vya buluu. Kila jioni alisema amechelewa shuleni, tusifunge mlango."

Nili alijishika kinywa. Mganga akamkazia macho. Ndipo sauti ikabadilika, ikawa nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya Mzee mwenyewe kabla akili haijamtoka.

"Nili. Nili, mwanangu. Umefika?"

Nili aliuma midomo hadi ikatoka damu. Akamtazama mumewe, na mkono ule uliofungwa. Hakuitika.

"Toka!" mganga akapaza sauti, akirusha maji. "Toka, si kwako hapa!"

Dirisha likafunguka kwa kishindo. Kilio kikatoka, kikapita juu ya mabati ya jirani, kikazidi kuwa chembamba, hata hakikusikika tena.

"Limekwenda," mumewe alisema, akashusha pumzi. "Sasa tutalala."

Nili alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini. Tangu mazishi hakuwa ametoa hata chozi. Sasa alilia kwa kwikwi, mabega yakimruka.

"Mbona unalia, mke wangu? Si limeondoka?"

"Alikuwa akimlilia baba," Nili alisema. "Nimemfukuza mfiwa mwenzangu."