Saa Moja na Dakika Arobaini

Rafiki yangu Aikaeli, nesi anayeishi Tromsø, mji wa Norwei, alinisimulia haya akikwepa macho yangu.

Kaka yake Godlisten alikuwa mpishi hotelini Longyearbyen, kaskazini kabisa mwa Norwei. Alipougua alimwomba dada yake aende. "Ni mbali mno, kaka," akamjibu, bila hata kuangalia safari. Wakamzika Moshi.

Baadaye ilibidi akachukue vitu vya marehemu kule Longyearbyen. Saa kumi jioni, giza limeshatanda, akatafuta tiketi. Kutoka Tromsø kulikuwa na kilomita mia tisa na kitu, saa moja na dakika arobaini angani.

"Hizo tu ndizo nilizomnyima," akaniambia.

Jioni ile, akiwa bado anaitazama tiketi, akasikia mtu kwenye korido akikung'uta viatu taratibu. Alikuwa peke yake nyumbani. Akawasha taa. Nje ilinyesha mvua. Ndani, nyayo za theluji zilikuwa zikiyeyuka, zikielekea alipoketi.