Natalina na Uduvi wa Kwenye Chupa

Watu wengi wa Gumbo, mtaa ulio ng'ambo ya mto Nile huko Juba, wakiamka huwasha moto kwanza. Natalina aliamka akahesabu samaki kwanza, moto baadaye. Kwa sababu hiyo chai ya nyumba yake ilichelewa kila siku. Mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Haboba, yaani bibi, hakuwa mtu wa kunyamazia jambo kama hilo.

"Ya biniya," Haboba alisema asubuhi moja, akimwita binti kwa Kiarabu cha Juba, "samaki ya mto hapa mimi najua. Unatoa magamba, unapika. Hii yako ya kuangalia tu inafanya kazi gani?"

"Italeta kazi, Haboba. Ngoja kidogo."

"Mimi nangoja chai."

Huo ulikuwa mwaka 2008. Vita vilikuwa vimekwisha na watu walikuwa wakirudi Juba kutoka kila upande. Natalina na mumewe Lado walirudi kutoka Kampala. Lado alifungua kibanda cha kuziba tairi kando ya barabara ya Nimule. Natalina alirudi na vyombo viwili vya kioo na samaki wawili wa mapambo, dume na jike, ndani ya jerikeni. Jerikeni ile aliipakata njia nzima. Samaki wa aina hiyo huitwa malaika. Ni bapa, wana mapezi marefu na mistari myeusi, na wakiogelea huonekana hawana haraka na mtu.

Kule Kampala, Natalina aliajiriwa miaka saba katika duka la samaki kama hao. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua na kuipenda. Kuuza chai sokoni Konyo Konyo aliweza pia, lakini moyo wake haukuwa huko.

Upande wa pili wa daraja la Nile kulikuwa na hoteli mpya iliyokuwa ikimaliziwa. Meneja wake, Mkenya aliyeitwa Chepkoech, alitaka tangi kubwa la samaki mahali pa kupokea wageni. Natalina alikwenda kumwona bila kuitwa.

"Niletee malaika thelathini," Chepkoech alimwambia. "Wawe wazima, na ukubwa wa sarafu. Tunafungua mwishoni mwa mwezi wa Nne. Ukiweza, kutunza tangi pia itakuwa kazi yako. Ukishindwa, nitaagiza Nairobi, na huyo wa Nairobi ndiye atakuja kulitunza."

"Nitaweza, madam," Natalina alisema.

Alisema hivyo kwa sababu jike lilikuwa limetaga mayai mengi juu ya kipande cha kigae. Mayai yakaanguliwa vizuri. Vifaranga wakaanza kuogelea. Siku ya tano, wote walikuwa wamekufa. Jike likataga tena, na mara ya pili mambo yakawa yale yale. Natalina alilia, akajifuta uso, akaosha chombo.

Kule dukani Kampala samaki walikuja wakiwa wakubwa tayari. Kulea kifaranga hakuwahi kufundishwa na mtu.

*

Kiprono alikuwa dereva wa lori la shirika moja, na barabara ya Nimule ilimpasulia tairi karibu kila wiki. Kwa hiyo alikuwa mteja wa Lado, na siku hizi rafiki yake. Siku hiyo, wakati Lado anaziba tairi, Kiprono aliingia uani kusalimia akaona vyombo vya kioo. Akachutama mbele yake, akasahau hata kuitikia salamu ya Haboba.

"Mama Rejoice, hawa malaika ni wako?" aliuliza. Rejoice lilikuwa jina la binti wa kwanza wa Natalina.

"Ni yangu. Lakini watoto yao inakufa yote. Sasa ni mara mbili."

"Unawalisha nini?"

"Ile ya kwanza nilisaga kisra, ile mkate yetu ya mtama, nikapa unga yake. Ile ya pili nilipa kiini ya yai ya kuku, ya kuchemsha."

Kiprono akatikisa kichwa. Kabla ya kushika usukani, alikuwa amefanya kazi miaka sita katika kituo cha kuzalisha samaki huko Kenya.

"Wacha nikwambie," alisema. "Kifaranga wa malaika akitoka kwenye yai ana akiba ya chakula tumboni. Anakaa siku kama tano bila kula. Akianza kuogelea, akiba imeisha. Hapo anataka chakula kinachotembea. Kisra haitembei. Inalala chini, inaoza, maji yanachafuka. Kwa hivyo kifaranga anakufa njaa, na tena anakufa kwa uchafu."

"Chakula ya kutembea, ndogo kama nini?"

"Kama vumbi. Inaitwa uduvi wa maji chumvi. Ni jamaa ya kamba, lakini mdogo sana. Mayai yake yanauzwa makavu kwenye kopo, yanakaa hata mwaka mzima. Ukiyatia kwenye maji ya chumvi, siku moja tu yanaanguliwa."

Haboba alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo sasa tutafuga samaki, na tutafuga tena chakula ya samaki."

"Ndiyo hivyo, mama," Kiprono alisema kwa heshima. "Hata ng'ombe wanalimiwa majani."

Haboba alimwongezea Kiprono sukari kwenye chai.

*

Wiki mbili baadaye basi la Kampala lilileta kopo dogo aliloagiza Kiprono. Ndani mlikuwa na mayai ya rangi ya kahawia, laini kama unga wa kakao. Kiprono alilileta mbio mbio, injini ya lori ikiwa inanguruma nje.

"Naenda Torit, narudi Ijumaa," alisema. "Malaika wakianguliwa, anza mara moja. Usisubiri waogelee. Tia maji kwenye chupa, chumvi, mayai, na hewa. Chumvi ya mawe ni nzuri kuliko ya pakiti. Umeshika?"

"Nimeshika."

Kweli alikuwa ameshika, isipokuwa pale alipojiongezea akili yake. Jike lilikuwa limetaga mara ya tatu, na Jumatatu ya wiki hiyo vifaranga wa malaika walianguliwa. Walining'inia kwenye kigae, wakitikisa mikia. Natalina alihesabu siku akapata kwamba Jumamosi wangeanza kuogelea. Pia alihesabu wiki. Kama hawa nao wangekufa, hakuna wengine ambao wangewahi kukua kabla ya hoteli kufunguliwa.

Jumanne alitafuta chumvi ya mawe kwa majirani, hakupata. Nyumbani palikuwa na chumvi ya pakiti, lakini Kiprono hakuisifu. Akamkumbuka Haboba. Jikoni kwa Haboba hapakosekani atrun, yale mawe meupe ya chumvichumvi ambayo wanawake wa Juba hutia kidogo kwenye bamia na kwenye majani ili yalainike. Ni mawe, yametoka ardhini, hayana dawa ya kiwandani. Natalina aliona amepata kilicho bora kuliko vyote.

Alitwanga vijiko viwili vya atrun, akatia kwenye lita moja ya maji, akamimina mayai. Kwa ajili ya hewa, alikoroga kwa kijiko kila alipopita.

Jumatano mayai yalikuwa vile vile. Alimwaga, akaanza upya, akaongeza atrun. Alhamisi yalikuwa yamelala chini ya chupa kama matope. Robo ya kopo ilikuwa imekwisha.

"Labda mayai ilikufa kwa basi," Lado alisema.

"Labda," alijibu Natalina. Lakini hakuamini. Alikaa mbele ya kigae akiwatazama vifaranga mia na zaidi wakitikisa mikia, akaona haya. Hawakuwa wamemkosea kitu.

*

Ijumaa saa nne Kiprono alifika. Aliinua chupa kwenye mwanga, akainusa, akachovya kidole na kuonja. Uso ukamkunjamana.

"Hii si chumvi, Mama Rejoice. Haya ni magadi."

"Ni atrun ya Haboba. Ni ya mawe. Wewe ulisema mawe."

"Nilisema chumvi ya mawe. Kosa ni langu pia, nilikuambia nikiwa na haraka." Kiprono akakaa chini kabisa, kuonyesha kwamba leo hakimbii. "Uduvi anataka chumvi ile unayotia kwenye mboga. Ya mawe ni nzuri, lakini ya pakiti inafanya kazi pia. Atrun peke yake inachoma."

"Kwa hiyo atrun yangu ni mbaya?" Haboba aliuliza kutoka jikoni.

"Hapana, mama. Kachembe kamoja kanasaidia, kama kwa bamia. Huwezi kupika bamia kwa atrun tupu."

"Hiyo hata mtoto anajua," Haboba alisema, akatoka kuja kutazama.

Natalina hakuudhika. Alileta daftari la Rejoice akaandika kila neno. Lita moja ya maji safi. Vijiko viwili vikubwa vya chumvi, vya kusawazisha. Kachembe ka atrun. Nusu kijiko cha chai cha mayai, isizidi. Chupa ikae mahali penye mwanga na joto, lakini isipigwe na jua kali.

"Sasa hewa," alisema Kiprono. "Kijiko hakitoshi. Mapovu yapande usiku na mchana, mayai yasilale chini. Kwenye kituo tulikuwa na mashine ya umeme."

Nyumba ile haikuwa na umeme.

Lado ndiye aliyecheka kwanza. "Hewa? Kwangu mimi hewa ndiyo kazi." Akaenda kibandani akarudi na tyubu ya lori. "Naijaza kwa pampu. Lakini itoke polepole namna gani?"

"Kwa mpira wa dripu," Kiprono alisema mara moja. "Mpya, wa duka la dawa. Una kigurudumu cha kubana. Ukibana sana, hewa inatoka kidogo kidogo."

Kabla ya chakula cha mchana kazi ilikuwa imekwisha. Walikata kitako cha chupa ya maji ya kunywa, wakaifunga kifuniko barabara na kuining'iniza kichwa chini. Mpira wa dripu ulitoka kwenye tyubu, ukaingia kwenye chupa mpaka shingoni. Lado alilegeza kigurudumu. Mapovu yakaanza kupanda, na mayai ya kahawia yakazunguka pamoja nayo. Lado alisimama akiyatazama muda mrefu. Asubuhi na jioni aliijaza tyubu upya, bila kukumbushwa.

*

Jumamosi asubuhi vifaranga wa malaika waliachana na kigae. Walitapakaa majini wakitafuta chakula, na chakula hakikuwapo bado. Natalina hakuwasha moto kabisa siku hiyo. Haboba aliuwasha mwenyewe, akapika chai, akamletea mkeka wa kukalia.

Saa sita mchana maji ya chupa yalikuwa yamegeuka rangi ya chungwa. Kiprono alimwonyesha la kufanya.

"Funga hewa. Ngoja dakika kumi. Maganda matupu yatapanda juu, usiyachukue, yanaziba matumbo ya samaki. Mayai mabovu yatalala chini kabisa. Uduvi wenyewe wanapenda mwanga. Funika juu kwa kitambaa, mulika tochi huku chini kwa pembeni, watakuja."

Walikuja. Wingu dogo la rangi ya chungwa lilikusanyika mbele ya tochi, na kila chembe ilikuwa ikirukaruka. Natalina aliwavuta kwa mpira mwembamba, akawachuja kwa kitambaa kizito cha pamba, akawasuuza kwa maji matamu ili chumvi isiingie kwenye chombo cha samaki.

"Tia kidogo," alisema Kiprono. "Wakimaliza, ongeza. Ukizidisha, uduvi watakufa humo baada ya saa chache na kuchafua maji. Mara tatu kwa siku. Na kila siku anzisha chupa nyingine, maana uduvi wa leo ndio wenye nguvu. Kesho kutwa hawana shibe tena."

Natalina aliangusha matone matatu. Kifaranga mmoja, mdogo kuliko punje ya ufuta, alijikunja, akalenga, akaruka. Kisha mwingine. Muda si muda chombo kizima kilikuwa kikiwinda.

"Tazama matumbo yao," alisema Kiprono.

Yalikuwa ya rangi ya chungwa, yote. Natalina alifurahi. Alimshika Haboba mkono, na Haboba hakuutoa.

"Basi wanakula," alisema bibi. "Wanakula kuliko Lado."

Siku ya tano ilifika ikapita. Natalina aliamka mapema akahesabu, na ilimbidi aache kuhesabu, maana hawakutulia. Kila siku aliosha chupa moja na kuanzisha nyingine. Kila siku alifyonza uchafu chini na kubadilisha maji kidogo. Kopo alilifunga vizuri na kuliweka mahali pakavu, kwa kuwa unyevu huua mayai. Wiki ya nne vifaranga walianza kuota mapezi marefu. Wiki ya nane walikuwa malaika kamili, wadogo, wenye mistari.

*

Hoteli ilibakiza siku sita kufunguliwa wakati Natalina alipovuka daraja kwa gari la Kiprono, akiwa na jerikeni mbili. Alimimina samaki taratibu kwenye beseni safi mbele ya Chepkoech.

"Nilisema thelathini," Chepkoech alisema. "Hawa ni wangapi?"

"Arobaini na tatu. Nyumbani iko ingine."

Chepkoech aliinama. Samaki walizunguka beseni, wanene, hakuna hata mmoja aliyeegemea upande. Chepkoech akachukua simu yake mezani na kupiga Nairobi. Alizungumza kwa Kiswahili, polepole, ili Natalina asikie.

"Jethro? Ile oda ya samaki, achana nayo. Ndiyo, na safari ya fundi pia. Hapana, sitahitaji hata baadaye. Nimepata fundi hapa hapa Juba."

Akakata simu. "Utaanza Jumatatu?"

Natalina alifikiri kwanza. Jike lilikuwa limetaga tena jana yake, na Jumatatu mayai yangekuwa yameanguliwa.

"Jumatatu nitakuja saa tatu, madam," alisema. "Asubuhi mapema mimi iko na chupa ya kuanzisha."