Asumini Kwenye Friji la Mvinyo

Wateja wawili wakigombea kitu kimoja, mwenye duka hufurahi. Siku ile, mwanzoni mwa mwaka 2019, mwenye duka la mitumba karibu na stendi ya teksi katikati ya Johannesburg alifurahi mpaka akazima redio ili asikilize vizuri.

Kilichogombewa kilikuwa friji la mvinyo, fupi, la mlango wa kioo, lililotoka kwenye mgahawa uliofungwa. Upande wa kushoto alilishika Tabia, mzaliwa wa Tanga, baibui limekunjwa mikono, mtandio wa zambarau umemteleza hadi mabegani, raba nyeupe miguuni. Upande wa kulia alilishika Bakiri, Mkongo wa Kasongo, ndani ya sare ya ulinzi iliyopigwa pasi mpaka mistari ikasimama.

"Kaka, toa mkono," alisema Tabia.

"Mi njo nilifika wa kwanza, mama. Nilienda tu kuuliza bei."

"Ukaenda, ukaliacha. Na mimi si mama yako."

"Kwetu Kasongo mwanamke tunamuita mama. Iko heshima."

"Kwetu Tanga heshima ni kumwachia mwanamke alichokishika."

Bakiri alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, jambo lililomuudhi Tabia zaidi. Alimuuliza kama ni mvinyo anaotaka kuweka humo. Tabia akamkata jicho, akamweleza. Yeye ni fundi wa vikuba, yale mafungu madogo ya asumini na rehani ambayo bibi harusi wa pwani hubandika kifuani. Asumini zake zililetwa na basi kutoka Durban, na friji la kawaida liliziunguza kwa baridi. Hili lilipoza taratibu.

"Na wewe je?" aliuliza.

"Mi niko na majani. Dawa yangu ya usingizi. Inataka kukauka polepole, pahali penye baridi kidogo."

Tabia alifikiria mizizi na majani ya waganga wa Kongo, akatikisa kichwa, hakuuliza tena. Bakiri aliona kabisa kwamba ameeleweka vibaya, akanyamaza. Watu wengi wanamtetea kwa hapo. Mimi simtetei. Mtu akijua mwenzake amepotea njia naye akatulia, amemdanganya, hata kama hakufungua mdomo.

Wakachanga, wakalinunua pamoja. Shida ikawa pa kuliweka. Tabia aliishi mtaa wa Mayfair kwa shangazi yake, Bi Tumu, naye Bi Tumu alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Chombo kilicholaza pombe hakilali kwangu. Kiosheni mnavyotaka."

Basi friji likaenda mtaa wa Berea, kwenye fleti ya Bakiri, orofa ya juu ya jengo lililochoka. Likakaa sebuleni, na Tabia akapewa ufunguo. Makubaliano yalikuwa mepesi: maua ya Tabia yakiwepo, majani ya Bakiri hayapo.

Mapenzi yao yaliota hapo hapo, mbele ya kile kioo chenye taa ya buluu. Tabia alikuwa akija na sinia zake, anaacha mlango wa nje wazi kwa heshima, anakaa sebuleni kufunga vikuba, na hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba cha kulala. Bakiri alimpikia sombe, kisamvu cha kwao, akamfundisha kuila bila kunung'unika. Akiwa zamu getini Midrand alimpigia simu.

"Chérie, friji inakuulizia."

"Liambie mimi nina mtu mwingine."

"Nani huyo?"

"Mlinzi mmoja, ana viatu vinavyong'aa kuliko akili yake."

"Eish. Huyo anakupenda kweli, mama."

"Ukiniita mama tena nakata simu." Hakukata. Bi Tumu alikuwa akimsikia akicheka jikoni, akajua.

Lakini nyuma ya kile kizingiti, karibu na dirisha la chumba cha Bakiri, kulikuwa na miche ya bangi iliyofika kifuani kwa mtu. Aliipanda Septemba ilipokwisha, baada ya Mahakama ya Katiba kusema kwamba mtu mzima anaweza kuotesha yake na kuitumia kwake, faraghani. Harufu ilikuwepo, ila katika jengo lile harufu ya bangi ilitoka kila mlango, kwa hiyo Tabia hakushtuka. Bakiri hakuuza hata jani. Mwaka 2015 waporaji walivamia kibanda chake cha simu, wakakichoma na yeye yumo ndani. Alitoka, lakini usingizi haukutoka naye. Vidonge vya kliniki vilimfanya asimame getini kama amekufa. Bangi kidogo, iliyokaushwa vizuri, ilimlaza. Ile ya mtaani ilimkereketa koo na kumpa hofu, maana ilikaushwa haraka haraka na watu wasiojali. Ndiyo maana alitaka friji.

Alipovuna, alifanya kazi yake kwa upole wa ajabu. Akafunga feni ndogo ya kompyuta kwa nyuma, akaweka kipima unyevu, akapanga matawi kwenye mifuko ya karatasi ya kaki. Yakishakauka angeyatia kwenye chupa za jamu, azifunue kila siku kidogo zipumue, mpaka ukali uishe. Alimuuliza Tabia kama ana harusi wiki hiyo. Tabia alisema hana. Bakiri akajaza rafu ya juu, akaenda Midrand kwenye zamu za mfululizo, akalala huko huko.

Alhamisi harusi ikaibuka. Fundi mwingine aliugua, mama wa bibi harusi akampigia Tabia, mama mwenye jina kubwa Mayfair, ambaye akikusifu unapata kazi mwaka mzima. Tabia alimpigia Bakiri, simu yake imezimwa. Akaenda Berea na ufunguo wake. Aliona mifuko ya kaki juu, akasema moyoni ni zile dawa zake, akaiacha pale pale kwa adabu, akapanga asumini zake rafu ya chini. Akazifunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa, kama bibi yake alivyomfundisha, ili zisifunguke kabla ya wakati. Akaona kifeni kinazunguka, akafurahi kwamba hewa itafika kote.

Hewa ilifika kote kweli.

Jumamosi, ukumbi ulikuwa umejaa madera na dhahabu, bibi harusi ameketi katikati kwa gauni la kijani, hina imekolea. Nyanya mmoja akainua pua. "Nani kavuta bangi humu?" Wanawake wakatazama upande wa wanaume. Kisha wakaanza kunusana wao kwa wao, mstari kwa mstari, mpaka pua zikafika kifuani mwa bibi harusi. Mama yake akakichomoa kile kikuba mbele za watu, akakiweka mkononi mwa Tabia, akamfumba vidole juu yake.

Jumapili Tabia alimpigia Bakiri, simu inatumika. Akapiga tena, inatumika. Inatumika na nani, alijiuliza, hasira ikapanda. Bakiri huko Berea naye alikuwa akimpigia yeye. Hatimaye ya Bakiri ikapita.

"Umeweka nini kwenye friji?" waliuliza wote kwa pamoja.

"Mi njo naulize," alisema Bakiri. "Umeweka matambara ya maji! Nafungua, nakuta ukungu mweupe kwa kila tawi. Miezi yote ile, Tabia. Yote ya kutupa."

"Tawi la nini?"

Mlango wa friji ulisikika ukifungwa.

"Tawi la nini, Bakiri?"

"Bangi."

Tabia alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

"Sheria inaruhusu sasa," alisema Bakiri. "Iko yangu, kwa nyumba yangu, siuzie mtu."

"Sikukuuliza sheria. Nakuuliza kwa nini nimeambiwa na kifua cha bibi harusi, sikuambiwa na wewe."

"Ningekuambia, ungerudi kwangu?"

"Hutajua kamwe, maana hukunipa nafasi ya kuamua. Uliniamulia wewe."

"Mi nilikuwa nangoja nilale, Tabia. Tu hivyo. Nilale."

"Lala basi," alisema Tabia, akakata.

Alikuwa na hasira ya kuvunja vyombo, na sahani moja ya Bi Tumu iliondoka kweli. Hasira haikuwa ya bangi. Alikulia Tanga, aliwajua wavutaji, walikuwa watu kama wengine. Ilikuwa ya kufanywa mjinga sebuleni, akifunga maua na kuimba, ukweli uko nyuma ya mlango. Na Bakiri alikuwa na hasira yake: kwamba sauti yake ilipovunjika, Tabia alikata simu. Kila mmoja akaishika yake kama walivyoshika lile friji, hakuna anayetoa mkono. Bakiri aliacha ujumbe wa sauti. Tabia hakuufungua.

Kazi zikakauka. Mabibi harusi wakahamia kwingine, na Mayfair ikapata la kusema: fundi wa vikuba anavuta, ndiyo maana mikono yake inanuka.

Bakiri hakuyajua hayo mpaka alipopeleka sinia za Tabia. Bi Tumu alizipokea mlangoni bila kumkaribisha.

"Wewe umesemwa na nani?" aliuliza Bi Tumu. "Hakuna. Jina lako halijatajwa. Anayeitwa mvutaji ni mwanangu, ambaye hata sigara hajawahi kuishika. Umemwachia abebe mzigo wako, na wewe mwanamume mzima una mabega."

"Shikamoo, shangazi," alisema Bakiri.

"Marahaba. Ondoka."

Kesho yake simu ya Tabia ililia. Alikuwa mama wa bibi harusi. "Tabia, kuna kijana wa Kikongo sebuleni kwangu. Amekuja na friji."

Tabia alifika akihema, viatu mguu huu na huu havifanani. Bakiri alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, kanzu mpya bado ina mikunjo ya dukani, na lile friji limefunguliwa mlango mbele ya mama wa watu, mumewe na yule nyanya wa pua kali.

"Bangi ilikuwa hapa juu, yangu," alikuwa akisema. "Maua yake hapa chini. Yeye hakujua. Mi nilimuficha. Mnamusema bure. Kama kuna wa kusema, ni mi. Nuseni."

Nyanya aliinama, akanusa rafu ya juu, akanusa ya chini, kisha akamshika Bakiri mkono akamnusa vidole. "Ni huyu," alisema.

Mama wa bibi harusi alimgeukia Tabia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mwanangu, nilikusema vibaya kwa watu. Nitarudi kwa wale wale niwaambie. Nisamehe."

Tabia alimsamehe. Ila hakumsamehe Bakiri. Alishika upande mmoja wa friji. "Nyanyua," alimwambia, na wakalibeba mpaka nje, kwenye bakkie, pikapu ya kuazima, kila mmoja na upande wake.

"Nani alikutuma?" aliuliza Tabia walipolitua. "Mwajiri wako akisikia? Msikitini je?"

"Wasikie."

"Unafikiri sasa nimepoa?"

"Hapana. Naona macho." Bakiri alifuta jasho kwa mkono wa kanzu. "Friji iko yako. Nimetoa feni. Mi sioteshi tena."

"Na utalala vipi?"

Tabia alimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, akaona mifuko chini ya macho, na hasira ikampanda upya, safari hii kwa ajili ya Bakiri.

"Usinifanyie wema wa kijinga," alisema. "Nani kakuambia uache? Tafuta friji lako, liweke chumbani kwako, na siku ukivuna niambie. Uniambie, Bakiri. Mimi na maua yangu tutakaa mbali."

"Basi umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Nitakuwa na hasira muda mrefu sana."

"Mpaka lini, mama?"

Neno lile lilimfanya atake kucheka, akauma mdomo. Alipanda mbele ya bakkie, akafunga mlango, akashusha kioo.

"Una mjomba mji huu?"

"Niko naye. Pretoria."

"Mlete kwa Bi Tumu Ijumaa, avae vizuri. Hasira hii ni kubwa, siwezi kuimaliza kwa simu. Nataka niimalizie ndani ya nyumba, nikiwa mkeo, nikiwa na haki zote."

Bakiri alisimama barabarani, funguo za gari mkononi, hajui aende upande gani.

"Endesha," alisema Tabia. "Asumini za Durban zinafika saa tisa."