Swali Ambalo Thurlow Hakuliuliza

Kila Jumamosi kabla hakujapambazuka, mfuniko wa chungu ulikuwa ukigonga taratibu jikoni kwa Avis Beale. Ni maharage hayo, anayabandika mapema yaive polepole kutwa nzima kwa nyama ya nguruwe na asali ya miwa, ili jioni kaka yake, Lorne, akivuka daraja ayakute tayari. Mimi jirani yake niliusikia mlio ule kwa miaka mingi, nikajua nyumba ile ina amani.

Majirani zangu, wanangu, nisikilizeni. Kisa hiki sikusimuliwa, nilikiona.

Mji wetu wa Kelso Mills uko upande wa Marekani. Ng'ambo ya mto ni Port Ansley, Kanada, na huko ndiko alikozaliwa Avis. Aliolewa huku na Thurlow, mtu wa kiwanda cha mbao, mpole, mwenye mikono mikubwa. Lorne na Thurlow walipendana kama watoto wa tumbo moja. Kila vuli walisafisha dohani pamoja: Lorne juu ya paa na brashi, Thurlow chini akizoa masizi na kumtukana shemeji yake kwa mapenzi. Kisha wanaoga, wanakula, wanataniana.

"Shemeji," Lorne angesema, "huku kwenu kuugua ni ghali kuliko kufa."

"Na nyinyi mnamngoja daktari mpaka ugonjwa unachoka, unaondoka wenyewe."

"Au anaondoka mgonjwa," Avis angedakia, na wote wangecheka mpaka yeye akohoe. Mapafu yake yalikuwa mabovu. Alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, na mrija wake ukimfuata kila chumba. Hakuweza kukimbia, wala kushuka ngazi peke yake.

Halafu ukaja mwaka wa ushuru. Serikali yetu ikapandisha ushuru wa mbao za kwao, na serikali yao ikajibu. Kiwanda cha Lorne kikaanza kupunguza watu. Cha kwetu kilishafungwa zamani, na Thurlow aliamini kwa moyo wote kwamba sasa kitafunguliwa.

"Angalau rais wetu anatupigania," alisema Jumamosi moja, kijiko mkononi. "Wakubwa wenu wanajua kuomba radhi tu."

"Wakubwa wangu wamelala, hilo nakubali," Lorne akajibu. "Lakini wa kwako anampiga nani? Anayekosa kazi ni mimi, shemeji. Nimekukosea nini?"

"Mngekubali kuwa jimbo letu, shida zenu zingekwisha."

Lorne akaweka kijiko chini. "Nyumbani kwa dada yangu siitwi jimbo."

"Basi nenda ukaitwe taifa huko kwenu!"

Lorne akainuka. Lakini kabla ya kutoka alipiga magoti, akakunjua mrija wa Avis uliokuwa umejikunja chini ya kiti, akambusu kichwani, ndipo akaondoka. Jioni ileile Thurlow aliifungia namba yake kwenye simu, isiweze kumpigia tena.

Tangu hapo Thurlow akahamia chini, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Alivaa vipokea sauti masikioni, akawasikiliza watu wa mbali wakigombana juu ya rais, waziri mkuu, biashara ya maziwa ya ng'ombe, mipaka na wahamiaji. Naye akajirekodi akiwajibu. Alijua jina la kila mbunge wa mji mkuu, na ukimuuliza kama mkewe amekula, hajui. Vuli ikapita na dohani haikusafishwa, kwa kuwa kazi ile ilitaka watu wawili.

Avis alikuwa na hofu moja tu, moto. Aliniambia nikimsuka nywele: "Lettie, nyumba hii ikiwaka, mimi ni wa kubebwa." Alikuwa amesikia kwamba pampu ya gari letu la zimamoto ni mbovu. Lakini kwa miaka mingi tulikuwa na mkataba: moto ukiwaka kwetu, gari la Port Ansley linavuka daraja bila kuulizwa, na ukiwaka kwao, letu linavuka. Mkataba ule ulipaswa kupigiwa kura upya kwenye mkutano wa mji, mwezi wa Machi.

Asubuhi ya mkutano Avis alimfunga mumewe shali shingoni. "Waulize kama pampu imetengenezwa. Na mkataba wa ng'ambo usivunjwe. Hilo tu, mume wangu."

"Nitauliza. Na wasiponijibu, sikai chini."

Mnajua desturi ya mkutano wetu. Tunakaa kwenye ukumbi wa shule, wazee wa halmashauri wanakaa mbele, na raia yeyote akisimama akauliza, lazima wamjibu usoni. Lakini mikono ikishanyooshwa na nyundo ikagonga, jambo limefungwa mpaka Machi nyingine.

Ilipofika zamu ya zimamoto, Wendell Stover, mkuu wa halmashauri, alikuwa akijifuta jasho. Thurlow akasimama.

"Nina swali, kuhusu ile pampu ya—"

"Kaa chini, shemeji wa Wakanada!" Roscoe, muuza matrekta, alipiga kelele kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Ah, wanangu! Angepuuza neno lile moja! Thurlow akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Mimi? Mimi niliyewaambia ukweli mbele ya macho yao?" Basi akaanza. Ushuru, rais, waziri mkuu, maziwa. Mama mmoja akasema anaona aibu jinsi serikali yetu inavyowatukana majirani. Thurlow akamjibu huyo. Mwingine akamjibu Thurlow. Roscoe akamshika ukosi. Katika zogo lile fimbo ya mzee Alvah ilianguka, na karani wa mji, binti mpole, akainama katikati ya miguu ya wagomvi akamwokotea. Wendell hakuwa akifuta jasho tena. Alikuwa ameegemea kiti, mikono kifuani, ametulia kabisa.

Mwenyekiti wa mkutano akawatoa nje Thurlow na Roscoe, nao wakaendelea kuzozana kwenye theluji. Ndani, mtu akauliza kwa hasira, "Kwa nini tuwategemee watu wa ng'ambo wanaotuzomea?" Mikono ikanyooshwa kuuvunja mkataba. Sisi tuliopinga tulikuwa wachache. Nyundo ikagonga, na ya pampu hakuna aliyeyataja.

Jioni nilimpelekea Avis supu, nikawakuta.

"Uliuliza?"

"Niliwapa vidonge vyao, mke wangu! Wote!"

"Kuhusu pampu?"

Thurlow akavua kofia, akaitazama, akashuka chini kwenye simu yake.

Haikupita wiki mbili. Ilikuwa mchana, upepo ukivuma kutoka mtoni. Masizi ya zaidi ya mwaka mzima yalishika moto ndani ya dohani, na moto ukaingia darini. Avis aligonga sakafu kwa fimbo. Aligonga na kugonga. Mumewe alikuwa chini, masikio yameziba, akimjibu mtu wa mbali asiyemjua wala kujulikana naye.

Lorne aliuona moshi kutoka ng'ambo. Akapiga simu, haikuingia. Akapiga tena. Kisha, pamoja na uzee wake, akaanza kukimbia kuelekea darajani.

Gari letu lilifika upesi, vijana wakaruka na mipira yao ya maji, pampu ikakoroma, ikafa. Maji hayakutoka. Gari la Port Ansley lilikuwa limesimama katikati ya daraja likingoja ruhusa ya mji wetu, kwa kuwa mkataba haukuwapo tena. Askari wa mpakani alipomwona Lorne anakuja akihema, aliinua kizuizi, akasema, "Pita, baba. Pasipoti utanionyesha baadaye." Mungu ambariki kijana yule.

Lorne alivunja dirisha akaingia. Thurlow alikuwa ameshashtuka, amepanda, mikono yake ikiungua kwenye mlango uliokuwa ukiwaka. Walimtoa Avis pamoja, mmoja mabegani, mmoja miguuni, kama walivyokuwa wakifanya kazi zamani. Nilimlaza kichwa mapajani mwangu kwenye theluji. Aliwatazama wote wawili, akataka kusema neno, moshi haukumruhusu. Alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

Ulipoitishwa mkutano wa dharura, Thurlow alikuja na mikono iliyofungwa bandeji. Safari hii hakuna aliyemzomea. Akauliza kwa sauti ndogo, "Bwana Stover, pampu iliharibika lini?"

"Vuli iliyopita," Wendell akasema.

"Mbona hamkusema?"

Wendell akatazama meza. "Hakuna aliyeuliza."

Alijiuzulu baadaye, na mkataba ukarudishwa. Lakini kaburi halina mkutano wa dharura.

MAFUNZO

Siwaambii msizungumze siasa. Ushuru ulichukua kazi ya Lorne, na atakayesema mambo ya wakubwa hayatuhusu anadanganya. Nina maoni yangu, tena makali, na mjukuu wangu anayajua. Nasema hivi: wakubwa wa mbali hawasikii ukipiga kelele ukumbini, ila mkubwa wa karibu anafurahi ukipiga, kwa sababu kelele zako ndizo kivuli anachojifichia. Kiongozi huwajibika kwa anayemuuliza jambo moja na kusimama hapo mpaka ajibiwe. Ukichokozwa, usigeuke nyuma. Tena usimfungie namba ndugu yako kwa ajili ya mtu aliye ikulu. Wa ikulu hatakimbia darajani siku nyumba yako ikiwaka.

Thurlow sasa yuko nyumba ya wazee ng'ambo, kwa Wakanada, kwa kuwa Lorne alitaka awe karibu naye. Lorne ndiye anayemlisha, maana vidole vya Thurlow havikunjiki tangu viungue. Hawazungumzi sana. Jumapili iliyopita nilimkata Thurlow kucha, nikamsomea habari za hali ya hewa, nikavaa koti.

"Lettie," aliniita nikiwa mlangoni. "Wiki ijayo utakuja tena?"