Kurasa Alizoziruka

Mama yangu alikuwa mteja wa Fundi kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo haya sikuyaokota barabarani.

Nyumba yao ilikuwa moja yenye milango miwili. Baba yao alipofariki, mabinti wake wawili waliigawa kwa ukuta mwembamba wa matofali. Hawakuwa wamegombana. Mkubwa alitaka redio asubuhi hadi jioni, mdogo alitaka kimya, basi. Mkubwa alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mdogo alisoma vitabu na kuvihakiki kwenye gazeti la Jumamosi. Wenzake gazetini walimpa jina la Bibi Nyota, maana kila kitabu alikipa nyota, moja hadi tano, na tano zilitoka kwa nadra kama mshahara unaowahi tarehe ishirini na tano.

Aliyapenda mambo ya kuzungushwa akili. Riwaya zile ambazo mume mpole ndiye muuaji, au anayesimulia ni marehemu, au daktari na mgonjwa ni mtu mmoja. Alikuwa amesoma nyingi mno hata hila zote akazijua kwa harufu. Akajitungia njia yake ya kazi. Alisoma kurasa hamsini za mwanzo, akaandika kwa penseli ndani ya jalada anachokidhania, kisha akaruka moja kwa moja hadi sura ya mwisho kuhakikisha. Akipatia, na alipatia karibu kila mara, aliketi na kuandika uhakiki. Miaka miwili hakuwa amesoma katikati ya kitabu chochote.

Dada yake alijua. "Wewe unakula kichwa na mkia," alimwambia, "samaki mwenyewe unamtupia paka."

"Paka naye ana haki yake," Bibi Nyota alijibu, wakacheka hadi chai ikapoa.

Chai hiyo ilikuwa ya saa nne asubuhi, kila siku, upande wa Fundi. Fundi aligonga ukuta mara mbili kwa kastabani yake, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole: njoo. Bibi Nyota alijibu kwa kugonga mara moja: nakuja. Kisha alizunguka nje, akaingia kwa mlango wa dada yake, na kabla hajaketi aliuliza, "Umemeza?" Maana Fundi alikuwa na presha, na kichwa chake kilikumbuka vipimo vya viuno vya mtaa mzima lakini hakikukumbuka kidonge kimoja. Asipoulizwa, hamezi. Daktari alikuwa ameshawaambia wote wawili, kwa uso mkavu, kwamba siku moja tu bila dawa ingetosha kumuua.

Jumatatu kikaja kitabu katika bahasha ya kaki. Jalada la kijivu, hakuna jina la mwandishi. Si ajabu, wachapishaji humtumia mhakiki nakala za mapema, nyingine hata hazijakatwa kingo vizuri. Mhariri alikuwa amemwambia kingekuja na kwamba na yeye ana nakala yake. Akakifungua.

Kilihusu dada wawili katika nyumba iliyogawanywa kwa ukuta. Mmoja anashona. Mwingine anasoma.

Alitabasamu. Washonaji ni wengi duniani, na kuta pia. Alifika ukurasa wa hamsini akachukua penseli, akaandika ndani ya jalada: *Mshonaji keshakufa. Anayeshona si yeye.* Akajisikia vizuri, kama mtu aliyelikamata jibu kabla mwalimu hajamaliza swali.

Jumanne asubuhi aliruka hadi mwisho. Alikuwa amepatia. Katika ukurasa wa mwisho dada amelala chini, baridi, na nyuma ya ukuta cherehani kinaendelea kushona. Nyota tatu. Hila nzuri, akaandika, lakini imeshaonekana. Gazeti lilikuwa linasubiri kabla ya saa tano, naye alikuwa katikati ya sentensi aliyoipenda sana.

Ukuta ukagongwa. Mara mbili.

"Nisubiri, dada," alinong'ona bila kuinua kichwa. "Kazi hii ina haraka."

Uligongwa tena baada ya kitambo, kwa sauti nzito zaidi. Hakujibu. Baadaye alisikia kitu kikikwaruza chini karibu na sakafu, akafikiri ni panya. Kisha cherehani kikaanza, trrr, trrr, akashusha pumzi. Dada amekasirika amerudi kazini. Nitamwomba radhi kesho. Akautuma uhakiki dakika tano kabla ya muda.

Mchana aliitwa gazetini kwenye kikao, akarudi jioni amechoka. Upande wa pili cherehani kilikuwa kinakwenda. Hakutaka kumkatiza.

Jumatano kilianza tangu alfajiri. Saa nne ikapita bila kugongwa ukuta. Amenuna kweli, Bibi Nyota aliwaza, na akaona haya kidogo, na haya hiyo ndiyo iliyomzuia kwenda. Saa tano alisikia mteja akiingia kwa dada yake, akisalimia, akitoka. Moyo wake ukatulia. Mtu anayepokea wateja ni mzima.

Saa tisa mhariri alipiga simu.

"Bibi Nyota, umenihakikia kitabu gani?"

"Kile cha kijivu."

"Cha kijivu ninacho hapa mezani. Ni habari za daktari wa meno na mkewe. Nimekisoma chote. Hakuna mshonaji."

"Tazama vizuri."

"Mama, nimesoma hadi shukrani. Hakuna cherehani humu. Hakuna hata sindano."

Alicheka kidogo, akaagana naye, akaweka simu chini. Kitabu kilikuwa kando ya kikombe, wazi kwenye ukurasa wa mwisho tangu jana. Alikichukua na kukifungua pale ambapo hakuwahi kufungua. Katikati.

*Dada aligonga mara mbili. Hakuwa anaita kwa chai. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi na ulimi umekuwa mzito, na ukuta ulikuwa karibu kuliko mlango. Msomaji alisema: Nisubiri, dada. Kazi hii ina haraka.*

Alisoma mstari huo mara tatu. Maneno yale hakuwa amemwambia mtu. Aliyanong'onea karatasi.

Nyuma ya ukuta cherehani kilikwenda. Trrr. Trrr.

Alifunua ukurasa uliofuata.

*Aligonga tena, kwa kiganja. Mara ya tatu hakuweza kusimama. Alikwaruza. Msomaji alifikiri ni panya.*

Akafunua tena. Ukurasa mwingine ulikuwa na mistari miwili tu.

*Msomaji angeinuka hapa, dada angemeza dawa, wangekunywa chai, na kitabu hiki kingekosa mwisho.*

*Lakini msomaji alikuwa ameshafika mwisho.*

Alikifunga.

Cherehani kikanyamaza.

Jua la saa tisa lilikuwa limejaa chumbani, watoto walikuwa wanapigana chenga nje, muuza maji anapita na mkokoteni wake. Mchana kweupe kabisa. Taratibu, kwa kidole kimoja, alifunua jalada.

Trrr.

Akalifunga. Kimya. Akalifunua. Trrr.

Alikitupa kitabu chini, akaenda ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole. Mara mbili. Kwa miaka yote ile hakuwa amewahi kuwa yeye wa kuita.

"Dada," alinong'ona. "Dada yangu. Umemeza?"

Kimya.

Kisha ukajibiwa. Mara moja, kwa chuma cha kastabani. Nakuja.

Machozi yalimtoka kwa furaha. Yuko hai! Alicheka peke yake kama mwehu, akaegemeza shavu kwenye matofali. Ndipo ikaja sauti, chini kabisa, usawa wa sakafu. Ilikuwa sauti ya dada yake.

"Nisubiri. Kazi hii ina haraka."

Alikimbia bila viatu. Mlango wa dada yake ulikuwa umefungwa kwa ndani, ufunguo ukiwa kwenye tundu. Alipiga kelele hadi seremala wa ng'ambo ya barabara akaja na patasi. Walipouvunja, gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka. Polepole. Likasimama mbele ya macho yao.

Kiti kilikuwa kitupu.

Fundi alikuwa chini, kando ya ukuta, amelala kiubavu sakafuni. Baridi. Kiganja chake kilikuwa kwenye matofali, na chini ya kucha kulikuwa na chokaa. Kidonge cha Jumanne kilikuwa mezani kwenye kisosi, karibu na vikombe viwili vilivyofunikwa.

Seremala aligusa sindano ya cherehani, akauondoa mkono haraka. Ilikuwa inaunguza.

Daktari alisema amekufa Jumanne, kabla ya saa sita mchana. Alisema pia, kwa upole, kwamba mtu angefika mapema, huenda Fundi angepona. Bibi Nyota alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameshalisoma hilo.

Kitabu alikirudisha kwa mhariri. Mhariri alipokipokea, kilikuwa cha daktari wa meno na mkewe, mwanzo hadi mwisho. Ila ndani ya jalada maneno ya penseli yalikuwepo, kwa mwandiko wake.

Uhakiki hakuandika tena. Ukuta aliubomoa mwezi uleule, tofali kwa tofali, kwa mikono yake, na wale waliojitolea kumsaidia aliwafukuza. Siku hizi husoma kila kitu tangu neno la kwanza, hata karatasi za dawa, na saa nne hubandika chai ya watu wawili. Ukimkuta anauliza hewani, "Umemeza?", usimwone kichaa. Mimi humjibu ndiyo.

Kuhusu yule mteja wa Jumatano saa tano, alikuwa mama yangu. Alikwenda kuchukua gauni lake. Anasema Fundi alikuwa ameketi kwenye cherehani, amempa mgongo, hakugeuka hata kwa salamu, akanyoosha mkono nyuma na kumpa gauni lililokunjwa vizuri. Mama alidhani ana shughuli nyingi.

Kila nguo aliyoshona Fundi ilikuwa na alama yake ndani ya kola, msalaba mdogo wa uzi mwekundu. Mama ana nguo nyingine za Fundi kumi na nane, na zote zinao. Gauni lile hajawahi kulivaa, wala hathubutu kulitupa. Ndani ya kola yake hakuna msalaba. Kuna nyota tatu, za uzi mweusi.