Kidude Kisichosahau

"Geuza gari unapoweza."

Wapasua kokoto waliisikia sauti kabla hawajaona chochote. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, ikitoka chini ya machimbo ambayo ukungu wa asubuhi ulikuwa umeyajaza mpaka kingoni. Mmoja wao akauliza nani yuko huko chini.

"Geuza gari unapoweza," sauti ikamjibu.

Ukungu ulipopanda wakaliona gari. Dogo, jeupe, limetua kwa pua, limejikunja kama kopo lililokanyagwa. Mwanamume alikuwa kwenye usukani, amefungwa mkanda. Hakuwa na uwezo wa kugeuza kitu tena.

Inspekta alishuka kwa njia ya malori, viatu vikimjaa vumbi jeupe. Koplo wake alikuwa ametangulia, na tayari alikuwa na jibu.

"Ajali, afande. Marehemu ndiye yule wanayemwita Mbishi, anayejaribu vifaa vya magari kwenye kampuni ya vipuri. Hicho kidude kwenye kioo ndicho alichokuwa anakijaribu. Kinaonyesha njia, na kinapokea simu bila dereva kushika simu. Nimempigia meneja wao wa mauzo, ambaye pia ni shemeji yake. Anasema kazi ya Mbishi ilikuwa kukikaidi. Kikisema kushoto, yeye kulia, aone kitajirekebisha vipi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kikamwambia geuza, akabisha. Kabishana mpaka na shimo."

Askari wawili wakacheka kwa pua. Inspekta aliwatazama mpaka kicheko kikawaganda mdomoni, kisha akainama dirishani. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui. Kidude kilikuwa kimenatishwa katikati kabisa ya kioo hicho, usawa wa macho ya dereva, kizima, taa yake ikiwaka.

"Chukueni alama za vidole, halafu kizimeni, kiwekwe kwenye mfuko wa ushahidi. Na neno ajali usiliandike bado, Koplo."

"Niandike nini, afande?"

"Andika kifo."

Meneja aliwapokea kwenye chumba cha maonyesho. Suti nyeusi, macho mekundu. Nyuma yake kulikuwa na kioo kizima cha gari kwenye fremu ya chuma, na kidude kipya kimebandikwa katikati yake, kikimeremeta kama pete.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema. "Jana ulimwona?"

"Sikumwona. Nilishinda kwa wateja. Kifaa kilikuwa bado kwenye boksi lake. Stoo walimkabidhi asubuhi, akaondoka nacho."

"Alikionaje?"

"Alikisifu sana."

"Ulisema hukumwona."

Meneja akalainisha tai yake. "Alinipigia. Shemeji yangu yule. Hatupitishi siku bila kuongea."

"Hicho kifaa, simu kinazipokeaje?"

Hapo mtu aliamka ndani ya suti. Msiba ukakaa pembeni, muuzaji akasimama. "Unaunganisha mara moja tu, Inspekta. Baada ya hapo kikiwaka karibu na simu yako, kinaitambua chenyewe. Ukipigiwa, mlio wa pili kinapokea, wewe unaongea, mikono iko kwenye usukani. Hata urudi mwakani. Kinakukumbuka hata kama wewe umekisahau." Akakigonga kidude kwa ukucha. "Na umeona mwenyewe. Kimeanguka machimboni na bado kinaongea. Nisingekuwa na msiba, ningeliweka hilo kwenye tangazo."

Koplo alikohoa. Inspekta aliaga.

Mama wa marehemu alikuwa na shule ya udereva. Nusu ya mji ilishika usukani kwa mara ya kwanza pembeni yake, na Inspekta alikuwa kwenye nusu hiyo. Kesho yake, Inspekta alipokwenda kwake, uwanja wa mazoezi ulikuwa mtupu. Matairi yaliyopakwa chokaa yalisubiri wanafunzi ambao hawakuja. Mama mwenyewe alikuwa amekaa ndani ya gari la kufundishia, kiti cha mwalimu, mlango wazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia ukiegesha. Klachi bado unaikanyaga kama unaua nge."

"Bado, Mwalimu."

"Keti."

Inspekta akakaa kwenye usukani.

"Wanafunzi wangu wameenda shule ya ng'ambo ya barabara," Mwalimu alisema. "Siwalaumu. Nani atampeleka mwanawe kwa mtu aliyeshindwa kumfundisha wa kwake? Ukiandika uzembe, shule hii naifunga. Lakini shule si kitu. Wanamcheka maiti. Jana nimesikia mtu sokoni anasema, Mbishi kabishana na shimo."

Masikio ya Inspekta yaliwaka.

"Alikuwa mbishi?"

"Kwa mashine, ndiyo. Ndiyo kazi waliyompa. Kwa barabara, kamwe. Njia atakayokwenda kukaidia, kwanza anaipita na macho yake tu, kidude kimelala kwenye kiti. Anajua kila kona ndipo anaanza utundu wake. Ukaidi wa mwanangu ulikuwa na adabu." Akageuka. "Hicho kidude kilikuwa wapi?"

"Kwenye kioo. Katikati."

Mwalimu akanyoosha mkono, akaweka kiganja chake katikati ya kioo cha mbele.

"Tazama barabara. Unaona nini?"

"Kiganja chako."

"Na mtoto anayevuka nyuma yake?"

"Simwoni."

"Hilo ni somo la kwanza hapa. Kabla ya ufunguo, kabla ya klachi. Mwanangu alikuwa anakiweka chini, kwenye kona ya dashibodi, akitupia jicho akitaka. Mwanafunzi anayekiweka katikati mimi namfelisha siku hiyohiyo. Huyo anataka kitu kionekane, hataki kuona yeye."

Inspekta alikikumbuka kile kioo kwenye fremu ya chuma, na kidude kikimeremeta kama pete.

"Alikuambia lolote kukihusu, Mwalimu?"

"Alipita hapa mchana wa siku ile, akanywa maji. Akasema, mama, kidude kimefeli. Simu ikiingia, kinasahau kwamba kinaongoza njia. Kinanyamaza mpaka simu ikatwe, ndipo kinakuambia geuka, na kona umeshaiacha nyuma. Mtu atavuta usukani kwa hofu, ataua watu. Akasema hakipitishi, hata akililiwa."

"Alikisifu sana," Meneja alikuwa amesema.

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa daktari mchunguzi wa maiti, mtu asiyependa salamu ndefu.

"Fuvu limepasuka kisogoni," daktari alisema. "Gari limeanguka kwa pua. Kisogo kimegonga nini, mto wa kiti?"

"Na mkanda?"

"Mkanda umekaza kifuani lakini haukuacha damu chini ya ngozi. Moyo ulikuwa umeshasimama, Inspekta. Walimfunga mkanda maiti."

Inspekta alishuka garini. "Mwalimu, kesho nitakuomba uje kituoni. Nitakuomba umpigie simu yule meneja, mkwe wako, umsemeshe kama siku zote. Usiniulize kwa nini."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia, ila kidole gumba kimoja kilikuwa kinasugua kingine.

"Binti yangu ana mimba," alisema.

"Najua, Mwalimu."

"Nitakuja."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ya chuma, viti vitatu na feni iliyolalamika kila ilipogeuka. Juu ya meza kulikuwa na mfuko wa ushahidi, na ndani yake kile kidude, kimewashwa. Meneja alilivua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti chake, akakaa kwa kujiamini.

"Hiki umewahi kukitumia?"

"Vya aina hii ninavyo mamia. Hiki hapa nimekionea kwako."

"Hukukigusa?"

"Ningekigusa wapi? Kilitoka kwenye boksi kikaenda mkononi mwake. Sikumwona siku ile, nimeshasema."

"Simu yako haijawahi kuunganishwa nacho?"

"Inspekta, na wewe. Itaunganishwaje na kitu ambacho sijakikaribia?"

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo akatoka.

Feni iligeuka, ikarudi. Kisha simu ikalia.

Meneja alipeleka mkono kwenye koti kwa mazoea. Mkono ukasita njiani. Mlio ulikuwa unatoka mezani. Ukalia mara ya pili, taa ya kidude ikageuka kijani, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikajaa chumba.

"Hujambo, mkwe wangu? Mbona unasikika mbali? Umekula?"

Jasho lilimtoka Meneja kwenye mstari wa nywele, likashuka polepole, naye hakulifuta. Midomo yake ilicheza. Mama wa mke wake alikuwa anamsalimia, na hakuweza hata kuitikia.

"Kinakumbuka," Inspekta alisema, "hata kama wewe umekisahau. Ni maneno yako. Sasa nisikilize. Hulazimiki kusema neno. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani kama ushahidi."

Koplo alirudi, akakaa, akafungua kalamu.

"Nani alikuwa anaendesha?" Inspekta aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Kumwonyesha." Sauti ilikuwa imekauka. "Alisema simu ikiingia kinanyamaza. Nikasema simu yake mbovu. Tuweke yangu. Nikaiunganisha, nikakibandika, nikashika usukani."

"Katikati ya kioo."

"Ndivyo ninavyokibandika siku zote. Wateja wakione."

"Endelea."

"Mke wangu akapiga. Akauliza nani anakuja kula kwetu mwisho wa wiki. Kidude kikawa kimya kama kaburi. Kona ikapita. Alipokata tu, kikaropoka geuka kulia sasa, nami nikavuta usukani kama mwehu. Kidogo nimzoe mtu wa baiskeli. Tulisimama juu ya machimbo."

"Kisha?"

"Akacheka." Meneja aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Unajua kicheko chao wale? Nimefeli mtihani wa udereva kwa mama yake mara ngapi, na kila sherehe ya familia lazima isimuliwe. Yeye ndiye jicho la nyumba, mimi mkwe wa kuchekewa. Kidude hiki nilikichagua mimi. Nilipigana kikaletwa, wakubwa walibisha, nikawaambia nitabeba lawama. Ni kitu cha kwanza ambacho ni changu. Nikamwomba. Nilipiga magoti kwenye vumbi, Inspekta, nikasema kipitishe tu, kasoro tutarekebisha. Akasema, shemeji, kimefeli kama wewe ulivyofeli."

"Ukamsukuma."

"Nilimsukuma anyamaze. Kuna jiwe. Alianguka chali." Akafunika uso. "Hakunyamaza vile nilivyotaka."

"Ukamweka kwenye usukani."

"Nikamfunga mkanda, nikapangusa kila nilipogusa, nikashusha breki ya mkono. Nilijua watu watasema amebisha. Kila mtu alimjua."

"Na ukaacha wamcheke."

Kalamu ya Koplo ilisimama, kisha ikaandika tena, taratibu, na masikio ya Koplo yalikuwa mekundu.

Ndipo Inspekta alipoona kwamba taa ya kidude ilikuwa bado kijani. Hakuna aliyekata simu. Yeye mwenyewe alikuwa amesahau. Kutoka mezani ilisikika pumzi, ndefu, yenye kukwaruza, ya mtu aliyeziba mdomo kwa kanga muda wote huo.

"Mwalimu," Inspekta alisema. "Mwalimu, nisamehe. Ulipaswa kusikia kwa njia nyingine."

"Nimesikia hivi." Sauti ilitetemeka, ikajishika. "Mkwe wangu."

"Mama," Meneja alisema kwenye viganja vyake.

"Binti yangu nitamwambia mimi. Usimpigie simu. Usimwandikie. Ninyamazie, kama ulivyotaka mwanangu akunyamazie."

Feni ilizunguka.

"Inspekta, upo?"

"Nipo, Mwalimu."

"Watu watasema nini kuhusu yeye?"

Inspekta alivuta kiti, akainama mpaka uso ukawa karibu na mfuko wa ushahidi, kama mtu anayemsemesha mgonjwa.

"Hukumu yake juu ya kidude hiki nitaisema mahakamani kama alivyokuambia alipopita kunywa maji, nisipunguze neno. Kabla ya hapo, kesho asubuhi, nitakuja kwenye uwanja wako na sare yangu, nije na Koplo wangu aliyecheka. Tutamwita kila mwanafunzi aliyekuhama, tusimame kwenye yale matairi, na nitawaambia kwa sauti kwamba mwanao hakuwa kwenye usukani, na kwamba siku zote alipokuwa kwenye usukani aliendesha kama ulivyomfundisha. Nakuahidi, Mwalimu. Kesho asubuhi."